Vyeti Ukutani

Swali la mtihani lilikuwa moja tu: mfumo wa majibu ya maabara umekwama, urudishe. Mkufunzi aliyeletwa na hospitali, kijana mpole mwenye miwani, alikaa pembeni akisubiri.

"Mashine yenyewe iko chumba gani?" Mama Waya aliuliza.

"Haiko hapa, mama. Tutakuwa tunakodi. Iko mbali."

"Mbali wapi?"

"Hata mimi sijui. Unaishughulikia hapo hapo ulipo, kwa mtandao."

Akaitazama skrini kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Jina la Mama Waya alilipata kwa kutambaa darini akivuta nyaya za kompyuta, enzi ambazo mashine ikiugua aliijua kwa mlio. Mifumo ilikuja ikaondoka, na yote aliisoma, mingine akiwa na mtoto mapajani. Kujifunza hakukuwahi kumtisha. Ndiyo maana, alipobonyeza hapa na pale na kuambulia maandishi mekundu, hasira ilimpanda mpaka masikioni.

Sababu aliijua. Masomo ya mfumo huu yaliletwa kwa video, yatazamwe "wakati wa nafasi". Nafasi yenyewe haikuwepo. Simu za wodi zililia kutwa. Basi kitengo chao cha kompyuta kikajitungia utaratibu: mmoja anashika kipanya, anazima sauti, video ikiisha anabonyeza "Nimeelewa", kisha anahamia kwenye jina la mwenzake. Mkuu wa kitengo alikuwa yeye, na mwenye subira alikuwa yeye. Akaelewa kwa niaba ya wote. Vyeti vikatoka vya rangi, vikabandikwa ukutani.

Meneja alimwita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Nasikia umekwama. Usijali, dada, cheti si unacho? Naandika umefaulu, Jumatatu tunahamia mfumo mpya."

"Na majibu ya damu yakipotea, nani atayarudisha?"

"Wewe. Si wewe ndiye mkuu?"

Alisema huku akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomaliza kazi. Akinyamaza, kiti chake kipo. Akisema, anaanguka na kitengo kizima.

"Vile vyeti ni mapambo," alisema. "Nilibonyeza mimi, vyote. Hakuna aliyesoma."

"Unaniambia mlidanganya?"

"Tulidanganya, ndiyo. Na wewe ukavipokea bila kuuliza tulisoma saa ngapi! Kila mara mfumo mpya, kila mara haraka. Muda wa kujifunza unautoa lini? Tujifunze tukiwa tumelala?"

Sauti ilifika mpaka kwenye korido. Meneja akasogeza kalamu zake, akazipanga, akazipangua. Mwisho akatoa uamuzi: kuhama kunasogezwa mbele, asubuhi zitakuwa za masomo, na Mama Waya si mkuu tena.

Kitengoni walishasikia. Fundi wa printa, ambaye ofisi nzima humwita Shemeji, alikuwa anabandua cheti chake ukutani.

"Hongera, mama. Umetuuza bei ya kutupa."

"Nimejiuza na mimi humo humo."

"Ungekaa kimya tu. Tungejifunzia kazini."

"Kwa damu za watu?"

"Kwani kuna aliyekufa?"

"Bado!" Akapiga meza, kikombe kikaruka. "Unataka tumsubiri?"

Siku hiyo hakuna aliyemjibu, hata alipoaga.

Asubuhi ya kwanza ya masomo walikaa kwa makundi, yeye peke yake mbele. Mkufunzi alieleza, akamaliza, akauliza kama kuna swali. Mama Waya akanyoosha mkono.

"Sijaelewa hata neno."

Nyuma mtu akacheka.

"Cheka," alisema bila kugeuka, "halafu njoo hapa unieleze wewe."

Hakuna aliyekuja. Shemeji akakohoa.

"Hata mimi sijashika, bwana mdogo. Anzia juu."

Mkufunzi alikuwa anaanza upya meneja alipochungulia mlangoni: printa ya mapokezi imegoma, aje mtu haraka. Shemeji akainuka nusu, kwa mazoea.

"Kaa," alisema Mama Waya.

Shemeji akamtazama meneja, akamtazama yeye, akakaa.

"Mapokezi waandike kwa mkono mpaka tumalize," Mama Waya akamwambia meneja. "Na huo mlango, tafadhali."

Meneja akaufunga.