Kilichomsomesha Ivanilde

Kwetu Belém mwanasheria huitwa dokta hata kama hawezi kupima homa. Ivanilde Pamplona alikuwa na shahada ya sheria aliyoipata kwa masomo ya jioni, lakini hakuwa dokta. Alikuwa ameanguka mtihani wa Chama cha Mawakili mara mbili, na asiyefaulu mtihani huo haruhusiwi kutia saini hata mstari mmoja mahakamani. Basi alifanya kazi ofisini kwa Dokta Evaristo Bulhões: yeye akiandika, Dokta akisaini.

Mteja wao mmoja alikuwa Dona Osmarina, mama muuza açaí, rojo la matunda yenye rangi ya zambarau, mtaani kwetu Jurunas, ambaye mwenye ghala jirani alimnyang'anya nusu ya ua wa nyumba. Mama huyo alishindwa kesi. Ivanilde akaandika rufaa na kuiweka mezani kwa Dokta. Dokta akaenda zake pwani ya Salinas kuogelea na wajukuu, na aliporudi, muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita. Mama yule alipokuja kuuliza, Dokta alimwonyesha Ivanilde kwa kidevu, mbele ya wateja waliojaa mapokezi.

"Muulize huyu. Kuhesabu siku kumemshinda. Unadhani Chama kinamrudisha nyumbani bure?"

Watu walicheka. Ivanilde alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, na jioni alipokwenda kununua açaí, Dona Osmarina alifunika sufuria.

"Ipo, ila si ya kwako."

Mimi ni mwalimu wa historia, na mimi na Ivanilde tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuja kwangu macho makavu.

"Shoga, nitafaulu. Halafu nitamkalisha yule mzee mbele ya hakimu, aseme kwa mdomo wake nani aliua ile rufaa. Sitaki kingine."

"Hata mume?"

"Huyo hata kabla sikumtaka."

Zamani Ivanilde alisoma kama wengi wasomavyo. Alifungua kitabu kinene, akapaka mistari rangi hadi kurasa zikafanana na nguo za kanivali, akafunga akidhani ameelewa. Safari hii nilimkatalia. Nilimwambia mwanafunzi hujulikana kwa makosa yake, si kwa kalamu zake. Tulitafuta mitihani ya miaka iliyopita. Alijibu kwanza, ndipo akafungua sheria kutazama alipokosea, na kila kosa alinieleza mimi nisiyejua sheria mpaka nielewe. Nikikunja uso, anaanza upya. Makosa ya wiki hii yalirudi wiki ijayo, na ya wiki ijayo yakarudi mwezi uliofuata, kama wadai wasiochoka. Aliamka alfajiri kabla joto halijapanda. Akaacha hata açaí ya mchana, ile ya unga wa muhogo na samaki wa kukaanga, kwa sababu humlaza mtu hadi mvua ya alasiri ipite. Anayeujua mji wetu atafahamu kwamba huyo alikuwa amekata shauri.

Zipo asubuhi alizochoka. Hapo hakujisomea maneno ya kutia moyo. Alisema tu, "Kuhesabu siku kumemshinda," kwa sauti ileile ya Dokta, akavuta kiti.

Awamu ya kwanza, ya maswali ya kuchagua, alifaulu vizuri. Ya pili ni ya kuandika: mtahiniwa hupewa kisa na kuandika madai kamili kama wakili, akiwa na kitabu cha sheria pembeni. Mwisho wa madai huandikwa neno "Wakili" na nukta, basi. Ukiweka jina lako, karatasi yote ni sifuri, maana msahihishaji hatakiwi kumjua aliyeandika.

Ivanilde alilijua hilo kuliko mimi. Lakini katika kila zoezi, mdaiwa alikuwa Evaristo Bulhões. Fundi aliyeangusha ukuta alikuwa Evaristo, daktari aliyesahau mkasi tumboni alikuwa Evaristo, mwenye mbwa mkali naye Evaristo. Na chini ya kila dai, kwa mwandiko wa kujidai, aliweka: Ivanilde Pamplona, Wakili.

"Jina hilo litakuponza," nilimwambia.

"Niache nilionje. Siku ya mtihani sitaliandika."

Aliliandika. Kisa kilihusu mtu aliyeaminiwa akazembea, na mkono wake ukaenda wenyewe hadi chini ya ukurasa. Hakujua mpaka matokeo yalipotoka: sifuri, amejitambulisha.

Belém ni mji mkubwa wenye masikio ya kijiji. Siku chache baadaye tulikuwa tunachagua samaki sokoni Ver-o-Peso, Dokta Evaristo akapita na kofia yake ya ukindu.

"Nilde! Hongera. Nasikia hatimaye umesaini kitu."

Ivanilde alikuwa ameshika samaki mkiani. Nilidhani atamchapa naye. Alimrudisha juu ya meza taratibu, akamwambia muuzaji, "Kaka, nipe mwingine. Huyu ananuka."

Chama humpa aliyeanguka awamu ya pili nafasi moja ya kuirudia bila kuanza upya. Moja tu. Hasira ni kuni nzuri, lakini nilikuwa nimeiachia ipike. Nikaweka masharti: mdaiwa yeyote ataitwa Korosho au Pera, na ukurasa wenye jina la Dokta au lake mwenyewe nitauchana bila kuusoma, hata uwe mzuri namna gani.

Nilichana kurasa nyingi. Alilia kwa ghadhabu, akaniita mchawi, akaniita Evaristo wa kike.

"Ni kama kula bila chumvi!"

"Kula hivyohivyo."

Polepole madai yake yalipungua matusi na kuongezeka sheria. Alianza kumaliza kabla ya saa kwisha, na dakika zilizobaki alizitumia kusoma kila mstari wa mwisho akiwa amekalia mkono wake wa kulia, kama mtu anayemzuia mtoto mtukutu. Chuki haikwisha. Ilijifunza kukaa kimya, jambo ambalo, nikiwaza sana, lilinitisha zaidi.

Alifaulu. Wiki aliyokula kiapo cha uwakili, Dona Osmarina alibisha mlangoni kwake, mikono imebaki zambarau kwa açaí.

"Yule alisema ni wewe. Wewe unasema ni yeye. Mimi sikusoma, lakini mwongo haendi mbele ya hakimu kwa miguu yake. Mshtaki kwa jina langu. Ukikataa, nitajua."

"Kaa, Dona. Nianze lini?"

"Ulitaka uanze lini?"

Siku ya shauri nilikaa nyuma, kwenye kiti cha watazamaji. Dokta Evaristo alikuja na wakili wake na maneno laini ya suluhu: atalipa fidia ya ua, mambo yaishe kiutu uzima. Dona Osmarina alikubali kwa kichwa. Ivanilde alisimama.

"Mheshimiwa, mteja wangu anapokea. Ila mdaiwa aseme kwanza rufaa ilikuwa kwa nani, na iandikwe."

"Nilde, ya nini tena?" Dokta alinong'ona.

Wakili wake alimgusa kiwiko. Mzee akatazama meza.

"Ilikuwa mezani kwangu. Iliandikwa mapema. Mimi ndiye niliyechelewa."

Karani aliandika. Dona Osmarina alimgeukia Ivanilde. "Nami nilikunyima chakula," alisema.

Ivanilde hakumsikia. Alikuwa akiyatazama masikio ya Dokta yanavyoiva.

"Mheshimiwa, naomba kauli hiyo isomwe."

Karani akaisoma. Dokta akafunga mkoba wake.

"Naomba isomwe tena."

Dona Osmarina alimvuta sketi. "Basi, mwanangu. Hata viziwi tumesikia."

"Mara moja tu, Dona."

Hakimu alivua miwani, akamwangalia, akampa karani ishara. Karani akarudi mwanzo wa mstari, akasoma polepole zaidi.