Wagiriki Walivyoninyima Uhamisho

Nimekaa na aibu hii miaka mingi, na wala nisingeisema kama si bwana mmoja wa Mtwara niliyekutana naye juzi kwenye foleni ya benki, akaanza kunisimulia, huku anacheka mpaka anafuta machozi, habari za mwalimu mmoja wa kike kule kwao aliyemzika Mkuu wa Shule akiwa hai. Nikacheka naye. Nikamwuliza mpaka huyo mwalimu alikuwa mtu wa wapi (Mchaga, anasema, mimi ni Mluguru), nikaaga, nikaondoka hata zamu yangu haijafika. Kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe, maana yule bwana ameongeza na paka mweusi, na paka hakuwepo.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea kuisha, niko sekondari moja pembezoni mwa mji, upande wa Mtawanya, nafundisha Historia na Uraia. Mume wangu yuko Morogoro, mtoto wetu yuko Morogoro kwa bibi yake, mimi niko Mtwara, na kati yetu kuna Mto Rufiji na ile barabara ambayo mvua zikianza tu magari yanalala matopeni wiki nzima. Nilipomwacha mwanangu alikuwa anatambaa. Barua ya mwisho ilisema sasa anakimbia, na bibi yake anamwita mama. Niliisoma barua ile nimesimama, na tangu siku hiyo sikuweza tena kukaa: nikiketi nainuka, nikiinuka natembea, nasahihisha madaftari huku nazunguka meza, usingizi wenyewe wa kudokoa. Fomu yangu ya uhamisho ilikuwa mezani kwa Mkuu, imebaki sahihi yake tu, na alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake: "Jumamosi tukimaliza mkutano wa wazazi, Madam, nakusainia, Jumatatu unaipeleka mwenyewe mkoani." Ilikuwa Novemba, mawingu yameanza kujikusanya, na mimi nahesabu siku kama mfungwa.

Sasa mtu asiyetulia usimpe kitabu. Shule ilikuwa imeletewa boksi la vitabu vya msaada, na ndani yake kulikuwa na kimoja kinene, kinanuka mkojo wa panya, kuhusu Wagiriki wa kale. Nilikimeza chote. Vita vyao na Waajemi, Wasparta na majoho yao mekundu, Waathene walivyokuwa wanapanda kilimani kujadili mambo ya mji wao, wote pamoja (wote maana yake wanaume huru, wanawake na watumwa walibaki nyumbani). Basi somo la demokrasia lilipofika kidato cha pili, badala ya kuandika ubaoni maana, aina na faida kama mwalimu mwenye akili timamu, nikaanza kuwafundisha kwa vitendo. Alhamisi nikawapiganisha Wasparta na Waajemi kwa mipini ya fagio, nimewavisha Wasparta vipande vya pazia langu jekundu. Walifurahi mno. Na mimi kwa saa nzima sikufikiria barua, ndiyo maana nikataka tena kesho yake.

Ijumaa nikawaeleza kura ya vigae. Kule Athene, kila mwaka, wananchi wakiona kuna mkubwa anaanza kuwa hatari kwa mji, kila mmoja alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akakwaruza jina la mtu anayetaka aondoke, na atakayepata vigae vingi, kura zikitosha, anafungasha na kwenda zake miaka kumi. Hakupigwa, hakunyang'anywa mali, aliondoka tu. Hata jemadari aliyewashinda Waajemi baharini walimwondoa vivyo hivyo. Kisha Zuhura, msichana aliyekuwa kiranja wao, akauliza, "Na wanawake, Madam, hawakupiga?"

"Hawakupiga."

"Basi leo tunapiga."

Nilikuwa nimewaagiza kila mmoja aje na kigae kutoka kwao, na misumari ya kukwaruzia nilikuwa nayo. Niliwaambia mji wetu ni darasa hili. Nilidhani wataandikana wao kwa wao, mchekeshaji mmoja afukuzwe, tucheke, kengele ilie. Vigae arobaini na viwili vikaingia kwenye ndoo, nikaanza kuvisoma, na cha kwanza kilisema MKUU WA SHULE, cha pili MKUU WA SHULE, cha tatu MKUU na tarehe. Thelathini na kimoja, jamani. Vingine vilimwangukia mwalimu wa hesabu, na kimoja kilikuwa na jina langu, hilo tuliache.

Sababu niliijua. Msimu ule wa korosho watoto walikuwa wanaokota korosho kwenye shamba la Mkuu kila Jumatano, eti elimu ya kujitegemea, na maji ya nyumbani kwake yalichotwa na wao. Lakini kujua sababu hakukunisaidia, maana kengele ilikuwa imelia, na Ijumaa ile Mkuu mwenyewe alikuwa anapita darasa hadi darasa kukagua usafi kwa ajili ya wazazi wa kesho. Nikawatawanya watoto. Nikabaki na ndoo.

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Kuvifuta havifutiki, vimekwaruzwa. Jalalani watavisoma. Chooni kuna foleni. Nyumbani kwangu mke wa Mkuu, Mama Devota, alizoea kuingia kuomba chumvi kama anaingia jikoni kwake. Nikavimwaga vigae kwenye kipande cha pazia jekundu, misumari ikaenda humo humo, nikafunga fundo, nikatoka mbio mbio kuelekea nyumba za walimu, saa nane mchana, nimevaa gauni la kitenge la njano linaloonekana toka barabarani. Nyuma ya nyumba ya Mkuu nikakuta shimo. Shimo zuri, limechimbwa tayari, udongo wake laini pembeni. Nikashukuru Mungu, nikatumbukiza furushi, nikafukia kwa mguu. (Mtu mzima mwenye cheti cha ualimu hakujiuliza hata mara moja shimo hilo limechimbwa na nani, na kwa kazi gani.)

Jioni ile ile Mkuu akashikwa na homa.

Kesho yake wazazi na wanafunzi walijaa bwaloni. Mkuu hakutokea, tukaambiwa bado amelala, kwa hiyo mkutano ukaongozwa na mwenyekiti wa bodi, Mzee Chilumba, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Nilikuwa nimesimama nyuma, miguu haitulii, namwombea Mkuu apone hata nusu saa tu ashike kalamu. Ndipo mlango ukasukumwa, akaingia Mama Devota. Alikuwa ameshika beleshi kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele, na juu ya beleshi kulikuwa na furushi jekundu ambalo hakutaka hata kanga yake iliguse.

"Nakwenda kupanda mpapai wangu," alisema, "nakuta shimo limefukiwa. Nafukua. Nakuta hiki. Na mume wangu tangu jana hajainuka."

Akalitua chini. Fundo likafunguka lenyewe, vigae vikamwagika, msumari mmoja ukabiringika mpaka miguuni kwa mzazi mmoja, akaruka juu ya benchi. Walio mbele wakasoma. Jina moja, limeandikwa tena na tena, kwa miandiko tofauti, kwenye vipande vya vyungu, ndani ya kitambaa chekundu, pamoja na misumari, nyuma ya nyumba ya mgonjwa. Hata mimi niliyevifunga kwa mkono wangu niliogopa.

Bwalo likalipuka. Mmoja akasema kuna fundi wa uganga kijiji cha Kitaya, atumiwe mtu leo leo. Mwingine akasema wa Kitaya huyo mambo haya hayawezi, bora mtu avuke mto wa mpakani pale Kilambo, nchi ya ng'ambo ndiko waliko waganga wenyewe. Wakabishana juu ya nauli na njia kwa muda mrefu, na mimi, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Mganga aje, avichome, Mkuu apate dawa zake za malaria, asaini, niende kwa mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyowaza.

Lakini Mama Devota akafuta machozi akasema, "Hii miandiko ni ya wanafunzi. Yaletwe madaftari ya shule nzima tulinganishe. Atakayepatikana atoke shule leo, na wazazi wake waeleze."

Nikamtazama Zuhura pale alipokaa na wenzake. Alikuwa hana rangi. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, amevaa buibui lake safu ya tatu, hajui kitu, anatikisa kichwa kulaani hao wanafunzi waovu. Miguu yangu ikatembea yenyewe mpaka mbele.

"Ni vyangu," nikasema. "Nimezika mimi."

Kisha nikaanza kuwaeleza wazazi wa Mtawanya habari za Wagiriki. Msiniulize nilisema nini, najua nilianza na Waajemi ambao hawakuhitajika, nikapita kwa Wasparta ili kueleza kitambaa, nikafika Athene jasho linanitiririka mgongoni. Mzee Chilumba akainua mkono.

"Madam, Wagiriki mimi nnawajua. Nimekata nkonge kwao huko Lindi miaka tisa. Walikuwa na kipande cha kuhesabia siku za kazi, na kiboko. Kigae sikukiona."

"Hao wa kale, Mzee. Babu zao."

"Babu zao waliwaondoa wakubwa kwa kura, halafu wajukuu wakaja kutuchapa sisi?"

Wakati huo huo Mkuu akaingia, amejifunika blanketi, macho mekundu, ameambiwa na nani sijui. Aliinama akaokota kigae, akasoma. Akaokota kingine. Alivisoma vyote, anavipanga mezani kimoja kimoja, na bwalo zima linamsubiri.

"Thelathini na kimoja," alisema. "Kati ya wangapi?"

"Arobaini na wawili, Mkuu."

Akaketi. Nilitegemea angefoka, lakini alionekana mzee ghafla, na hilo liliniuma kuliko kufoka. "Kwa sababu ya korosho?" aliuliza, hakumwuliza mtu yeyote.

Sauti ndogo ya Zuhura ikajibu, "Na maji, Mkuu."

Akamtuma karani ofisini, na karani akarudi na fomu yangu. "Huyu mwalimu anataka kuhama," Mkuu aliwaambia wazazi. "Nasaini sasa hivi. Aende akafundishe Wagiriki wake huko huko Morogoro." Akafungua kalamu.

Jamani, moyo wangu uliruka. Nilikunja uso kwa nguvu nionekane nimeadhibiwa. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, naiona, naapa niliiona.

"Subiri kwanza, Mkuu," Mzee Chilumba akasema. Akanigeukia. "Madam, hao Wagiriki wako, mtu wao walimwondoa mkubwa mmoja akitaka, au mpaka kura?"

Ningeweza kudanganya. Neno moja tu. Lakini kidato cha pili chote kilikuwa kinanitazama, jana yake tu nimewafundisha, na mdomo wa mwalimu ukajibu kabla ya mdomo wa mama: "Mpaka kura."

"Basi tupige."

"Hapana, Mzee, mimi niko tayari kwenda, nimekosa, niacheni niende," nikasema, nikapiga na magoti, na kadiri nilivyoomba ndivyo walivyozidi kunihurumia. Bi Somoe akasimama.

"Nchawi gani anazika mchana kweupe na gauni la njano?" alisema. "Huyu ana wazimu wa vitabu, lakini si nchawi. Angenyamaza tu, watoto wetu wangefukuzwa wote, na sisi tungewapiga juu yake. Kajitokeza. Mwalimu anayejiweka mbele ya mtoto wangu mimi simpi basi la kwenda popote. Abaki."

Mikono ikainuka. Safu kwa safu, wenye kofia na wenye vilemba, hata karani aliyeleta fomu. Mama Devota alichelewa, akanitazama, akatazama furushi, akainua wake nusu. Sijawahi kupendwa na watu wengi namna ile kwa wakati mmoja, na nililia mbele yao wote kwa kwikwi, nao wakapiga makofi wakidhani ni furaha. Ilikuwamo furaha, siwezi kukana. Lakini Mkuu alikuwa anafunga kalamu.

"Wazazi wamesema," alisema, akairudisha fomu kwenye faili. "Mwakani tutaona."

Watoto hawakuokota tena korosho zake, na maji akaanza kuletewa na mtu wa baiskeli. Wiki tatu baadaye mvua ikanyesha, barabara ikafungwa. Niliandika barua ya kurasa nne kueleza, na mume wangu akajibu kwa mstari mmoja, anauliza Wagiriki wamehusikaje na ndoa yake. Hiyo mwakani ikawa mwakani nyingine. Nilipopata uhamisho mwishoni, mwanangu alikuwa amefikisha miaka minne, alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, na bibi akamwambia, "Msalimie mgeni."

Tangu hapo nafundisha demokrasia kwa chaki tu. Naandika: ilianza Athene, ilikuwa ya wananchi. Nukta. Mwanafunzi akinyoosha mkono kuuliza waliwaondoaje wakubwa wao, namwambia ni swali zuri sana, kamwulize mwalimu wa jiografia.