Siku Akina Mama Walipoingia Uwanjani

Nikiulizwa nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya ukocha, nasema nilikuwa nalipwa kupiga mpira kwa ubao. Watu hucheka. Mimi pia hucheka, maana mpaka leo siamini. Mtoto wa mtaa wa Landless, Thika, mama yangu muuza mboga, nikaangukia shule iliyokuwa na mwalimu mmoja mwendawazimu wa kriketi na gongo moja la kupigia mpira, lililofungwa kwa nailoni. Miaka michache baadaye nikavalishwa nguo nyeupe za mchezo na kupandishwa ndege. Nilichezea taifa. Nikachezea klabu katika nchi ya baridi misimu miwili, nikivaa sweta tatu na vidole bado vikikataa kushika mpira. Nilipomweleza mama kwamba mechi huanza asubuhi, watu wakaenda kula, wakarudi, wakanywa chai, wakarudi tena mpaka jioni, alinitazama kwa huruma.

“Hiyo si mchezo,” alisema. “Hiyo ni mkutano.”

Goti liliponisaliti, mkataba nao ukakauka, na nikarudi Thika. Nilipanga nyumba Ngoingwa, nikajiandaa kuhuzunika kwa muda mrefu, kama ilivyo desturi ya wachezaji waliostaafu. Sikupata nafasi. Shule moja ya wasichana huko Ruiru, karibu na Kamakis, ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha kriketi, na siku ya kwanza tu msichana mmoja wa kidato cha pili, mfupi, mwenye mikono ya mtu wa kufua mablanketi, alipiga mpira ukavuka ukuta na kutua jikoni kwa jirani mwenye hoteli ya nyama choma. Ulirudishwa ukinuka mbuzi. Tukautumia hivyo hivyo wiki nzima. Nilirudi nyumbani jioni ile nikijichekea njiani mpaka mwenye bodaboda akaniuliza kama niko sawa.

Sasa, jirani huyo huyo wa nyama choma alikuwa na shida ya wateja wengi na mahali pachache pa kuegesha magari. Akauona uwanja wetu. Akamwendea mwalimu mkuu, akaomba kuukodi kila wikendi, ambazo ndizo siku zetu za kucheza. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Paa la jiko la shule lilikuwa linavuja, na timu yangu, niseme ukweli, ilikuwa haijawahi kushinda mechi yoyote. Aliniita ofisini na kuniambia bila kuzungusha.

“Kocha, shinda mechi moja tu kabla tufunge shule. Moja. Ukishinda, hiyo uwanja ni yenu. Ukikosa, mimi nafungulia magari.”

Nikamwambia sawa, haraka kabla sijafikiri, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilipotoka nje ndipo nikakumbuka kwamba mechi iliyobaki ilikuwa moja, na wapinzani ni shule ya Nairobi inayokuja na basi lake.

Nikaamua kwamba kama tunazama, tuzame na watu wetu. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikawaeleza habari ya magari, nikawaomba akina mama waje Jumamosi ya mechi kuwashangilia binti zao. Hawakuujua mchezo huu hata kidogo. Niliwafundisha kwa dakika chache: wapigaji ni wawili, mpira ukipigwa wanakimbia kubadilishana pande, na wakifika salama kwenye mistari yao huo ni mkimbio mmoja. Wapinzani wakiangusha kwa mpira vijiti vilivyosimikwa hapo kabla hawajafika, mmoja ametoka. Nikamalizia kwa kusema kwamba wakiona mpira umeenda mbali, washangilie. Hapo ndipo nilipokosea. Miaka mingi kati ya watu wanaopiga makofi polepole wakiwa wamekalia viti ilikuwa imenisahaulisha kwamba kwetu mtu hashangiliwi kwa mbali. Anafuatwa.

Jumamosi walikuja kama watu wa mahafali. Mabega yamefungwa leso, na mikononi wamebeba yale mashada ya kumetameta ambayo huuzwa mjini Thika siku za vyuo kutoa digrii. Mama wa yule mpigaji wetu mfupi, mwanamke wa kuuza mitumba Ruiru na sauti yake ya sokoni, alikuwa na mashada mawili. Nilifurahi. Nikamwonyesha mwalimu mkuu, aliyeketi chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, jinsi wazazi wanavyotuunga mkono. Aliitikia kwa kichwa. Nyuma yake alikaa jirani wa nyama choma, ambaye alikuwa amekuja kuangalia uwanja, si mchezo.

Nairobi walipiga kwanza na hawakufika mbali. Kisha sisi. Wasichana wangu walikimbia kama waliofukuzwa na nyuki, wakapiga mipira kwa mitindo ambayo sikuwafundisha wala sijaiona popote duniani, wakatoka mmoja baada ya mwingine, na mikimbio ikawa inapanda tu. Nilikuwa natafuna kofia yangu. Mwishowe tukabaki na wapigaji wawili wa mwisho, mikimbio yetu ikiwa sawasawa na yao. Tulihitaji mmoja tu. Akitoka mtu, ni sare, na sare si ushindi. Mwalimu mkuu alikuwa amesema ushindi.

Aliyekuwa na gongo ni yule mfupi. Mrushaji akaja mbio, akarusha, naye akaupiga mpira ukaambaa na nyasi kuelekea ukutani. Wakaanza kukimbia. Walikuwa katikati ya safari, bado hawajapishana, nilipovisikia vigelegele.

Akina mama walikuwa wameingia. Wote. Walivuka kamba wakicheza, leso juu, wakakanyaga mkeka wetu wa kuchezea kwa viatu vya kwenda kanisani, wakamzingira mtoto wa watu akiwa hajafika popote. Mama yake akamvisha shada la kwanza, akamvisha la pili, na kabla sijafungua mdomo msichana alikuwa juu mabegani, gongo bado mkononi, akipiga kelele kwamba ashushwe. Huko nyuma msichana mmoja wa Nairobi, mwenye akili timamu, aliuokota mpira, akatembea nao taratibu mpaka kwenye vijiti, akaviangusha.

Niliona magari. Nawaambia ukweli, niliyaona yamepangwa pale uwanjani, mistari kwa mistari.

Mwamuzi alikuwa mzee mmoja Mhindi, mtaratibu, aliyechezesha mechi tangu mimi sijazaliwa. Alisimama akalitazama lile duara la wamama wakicheza, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaamua kwamba mpira huo hauhesabiki, hakuna mkimbio na hakuna aliyetoka, kwa kuwa watu wameingilia mchezo. Urushwe mwingine. Nikakimbilia akina mama na goti langu bovu. Niliwarudisha nyuma ya kamba, nikawakalisha chini kwenye nyasi, nikawashikisha mikono, na nikawafokea bila heshima yoyote kwamba asiinuke mtu. Hata mpira ukienda Mombasa. Hata dunia ikiisha.

Msichana akarudi mahali pake na mashada shingoni. Alikataa kuyavua. Mpira ukaja, akausukuma tu pembeni, wakakimbia, wakapishana, na yeye akajitupa kifudifudi gongo likitangulia. Vijiti viliangushwa nyuma yake. Mwamuzi alitikisa kichwa: hajatoka, amefika. Tulikuwa tumeshinda.

Akina mama walikuwa wamekaa wameshikana mikono, wima, macho makavu, wakinitii. Hakuna aliyepiga hata kofi. Msichana akainua uso wenye vumbi, akawatazama, akaona hakuna anayeshangilia, akadhani ametolewa. Akaanza kulia pale chini. Na mimi, mpumbavu, sauti nilikuwa nimeimaliza kwa kuwafokea. Nilijaribu kuwaita ikatoka sauti ya jogoo mdogo. Nikapunga mikono yote miwili, wao wakazidi kushikana. Ikabidi nikimbie mpaka mbele yao.

“Sasa!” nikawaambia, machozi yakinitoka. “Si muende! Sasa ndio!”

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: wa kwanza kuvuka kamba alikuwa mwalimu mkuu, na tai yake begani. Nyuma yake ikaja Ruiru nzima. Walimbeba mpigaji, wakambeba mwenzake, wakambeba mwamuzi, aliyeomba tu wamwachie miwani. Hata wale wa Nairobi walivutwa ndani wakacheza. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwalimu mkuu alinikuta hapo, anahema, suruali imejaa vumbi. Kule chini ya hema jirani wa nyama choma alikuwa bado ameketi, akitusubiri.

“Sasa yule nimwambie nini?” akaniuliza.

Nilikuwa bado nacheka. Mama muuza mitumba ndiye aliyejibu, akipita na binti yake mabegani.

“Mwambie wapaki magari kwao.”