Siku Nilipoambiwa Naboa

Jumatano, tarehe 11 Juni. Upepo tangu alfajiri, baridi, na vumbi limeingia mpaka kwenye masufuria.

Wenzangu mliokulia vijijini huku kwetu mtaikumbuka kazi ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka. Mtama ukianza kukomaa, mtoto anapandishwa juu ya kichanja katikati ya shamba, na teo lake la kurushia mabonge ya udongo, na debe bovu la kugonga. Hapo ndipo anaposhinda. Tulitafuna mabua matamu, tukaimbiana kutoka kichanja hadi kichanja mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Ukisema umechoka unaulizwa, "Umechoka, umelima wapi?"

Watoto wa leo, ugali ukirudi siku ya pili, unaboa. Mtandao ukipotea dakika mbili, unaboa. Mwalimu anaboa, jua linaboa, na Jumapili nikaongezwa na mimi. Binti yangu Happy amepata kazi ya ualimu Bahi, anaondoka kesho. Alikuwa sebuleni na wenzake wawili, wasichana wazuri tu, wameniamkia vizuri. Nikamuuliza kama ameshaweka chandarua kwenye begi, maana Bahi ina mbu. Niseme kweli, ilikuwa mara ya nne. Akawageukia wenzake: "Mama naye anaboa, jamani!" Wakacheka.

Nikatoka nje. Tangu hapo sikusema naye zaidi ya "funga mlango", na nilikuwa radhi aondoke hivyo hivyo.

Leo nikipepeta mtama nikajikumbuka mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na moja, sina hakika. Kaka yangu Elia alitakiwa kunipokea kila adhuhuri, lakini mama alimtuma maji siku mbili mfululizo, nikabaki juani mpaka jioni. Siku ya tatu nikashuka, nikakaa chini, nikaupa mtama mgongo. Ndege wakatua. Kona nzima ikabaki masuke matupu. Mama akaja mbio.

"Unaumwa?"

Kimya.

"Nani kakupiga?"

Mama akapanda kichanja mwenyewe mpaka jua likazama. Akaamua nina homa. Nilinyweshwa mwarobaini siku tatu na nikaunywa wote, maana kusema nimeudhika sikuthubutu. Labda ningesema ningechapwa. Labda angemwita Elia tu, yakaisha. Sijui, na sitaki kumsingizia marehemu mama.

Jioni nikamfuata Happy chumbani, anapanga nguo.

"Hilo neno lenu, kuboa, maana yake nini hasa? Mimi ni wa darasa la saba."

Akashtuka. "Mama! Kumbe ndilo ulilonunia? Si tusi. Ni kero tu, kama mtu akirudia-rudia jambo."

"Na mwalimu mkuu wako utamwambia anaboa?"

"Weee! Nianzie wapi?" Akacheka. "Huyo nitamnyamazia. Nitakuja kukusimulia wewe kwenye simu."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia kwamba neno lenyewe naweza kulizoea, ila mbele ya wageni liliniuma. Akapiga goti, akasema, "Nisamehe, mama." Nami nikakubali kwamba kuuliza mara nne ni kuzidisha.

"Tano," akasema.

Inawezekana. Sikuhesabu vizuri.

Enzi zetu nyumba zilikuwa na adabu na utulivu, sitaki kudanganya, navikumbuka. Siku nyingine navitamani. Lakini mama yangu ameingia kaburini akiamini nilikuwa na homa siku ile. Happy atapanda gari kesho akijua kilichoniuma, nami najua kinachomchosha kwangu.

Tumekula ugali wa mtama na mlenda, sahani moja. Happy amesema mlenda umezidi chumvi. Ni kweli, ulizidi.