Tangazo Lililoziba Ufa

Laurentine alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kasulo, mpangaji wa tata, yaani mzee, Polycarpe, na kwa miaka tisa hakuna aliyemuuliza maoni yake zaidi ya urefu wa mikono ya blauzi.

Polycarpe alikuwa shefu wa avenue, kiongozi wa barabara yao. Kazi ilimkaa vizuri: kofia anayo, muhuri anao, akili ataletewa. Chini ya sebule yake lilikuwamo shimo la kobalti, na wachimbaji waliingilia chumbani kwake. Mmoja wao alikuwa Kisimba, mume wa Laurentine.

Sheria ya maafa ilipotoka, ofisi ilimpa shefu tangazo la kubandika na chuma cha gurudumu la lori, kigongwe kama kengele. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Hata shefu angeimaliza kama angeianza. Ufa wa nyumba ukipanuka, gonga. Watu watoke, mashimo yafungwe mpaka mkaguzi aje. Shefu asipogonga, mkazi yeyote agonge.

Basi ukuta wa kwanza kupasuka ulikuwa wa nani? Wake. Polycarpe akautazama ufa, akaliwaza shimo lake kufungwa, akakoroga gundi ya unga wa bukari, yaani ugali, akabandika tangazo juu ya ufa. Maafa yakaisha hapohapo. Kile chuma akakilaza kibarazani, akaweka mto, akakikalia.

"Hii njo kazi ya sheria, mama," alisema. "Kulinda nyumba."

"Mi naona inalinda shimo, tata shefu."

"We shona."

Akashona palepale kibarazani, cherehani ikitazamana na ukuta. Jumanne asubuhi aliona karatasi imevutika kama blauzi ndogo kwa mtu mnene. Saa nne ikachanika katikati, "usalama" ukabaki huku, "wa watu" kule. Laurentine akavua utepe wake shingoni, akapima. Kidole kimoja. Hata hajaukunja utepe, vikawa viwili.

"Shefu, ufa unapanuka. Gonga!"

"Karatasi ya ofisi iko mubaya tu. Nitaomba ingine."

"Batu bako chini shimoni!"

"Na mi niko juu yao. Unaona naogopa?"

Laurentine alichukua pasi ya makaa, akaipiga kwenye chuma, shefu akiwa bado amekikalia. Makaa yakaruka, shefu akaruka juu zaidi, na chuma, kilipopata nafasi, kikalia mpaka shimoni. Wachimbaji wakatoka mmoja mmoja. Kisimba alikuwa wa mwisho, buti moja mguuni. Alikuwa hajafika barabarani sebule ilipozama na kofia, na muhuri, na ule ukuta.

Mkaguzi alipofika mchana, Polycarpe alitoa kifua mbele. "Mi njo niligonga."

Mkaguzi akaandika. Majirani wote walikuwa wanamtazama shefu nyuma, ambako suruali ilikuwa imeungua tundu la ukubwa wa sahani.

Kesho yake shefu aliileta suruali kwa fundi, ameikunja ndani ya gazeti. Laurentine akaikunjua, Kisimba ameketi kando anakunywa chai.

"Nibandike tangazo juu, tata shefu? Tundu litaisha."