Mkate Alioukataa Hotam

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nusu ya mwili wa Savriniso imo ndani ya tanuri. Anabandika mkate wa mwisho kwenye ukuta wa moto, anajichomoa, anafuta jasho kwa ncha ya mtandio. Chini ya sikio lake la kulia lipo kovu.

"Hapa palikuwa na mayai mawili," anasema. "Jirani yangu aliniuliza, 'Shoga, umeyameza bila kuyamenya?'"

Ana miaka thelathini na minne, na huoka mikate themanini kwa siku nyuma ya soko la mji wa Panjakent. Majira ya baridi yaliyopita alioka ishirini tu, na kuna siku ilibaki yote.

Uvimbe ulipoanza hakuna aliyeshtuka. Mwoka mikate hutoka motoni akaingia kwenye baridi ya alfajiri, kwa hiyo kila mtu alijua ni upepo umempiga shingoni. Kwa miezi mitano mama mkwe wake, Sanavbar, alimkanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Ulionenepa ni uvimbe.

Mwezi wa Januari kliniki ilikata kipande cha tezi, ikakipima na kutoa jibu: kifua kikuu.

"Nikamwambia daktari, kifua changu kizima, hata sikohoi. Akasema kiko kwenye tezi. Kifua kikuu cha shingo! Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena."

Mumewe, Hotam, fundi ujenzi aliyekuwa amerudi kutoka Urusi mwaka mmoja kabla, alihamishia godoro lake chumba cha wageni siku hiyohiyo. Bakuli la chai la Savriniso likafungwa uzi mwekundu lisichanganywe na mengine. Habari zilipofika sokoni, wateja wakaukimbia mkate wake.

Daktari Nigina, aliyekuwa akimtibu Savriniso, alimweleza Hotam kwamba TB ya tezi haiambukizwi kwa pumzi, wala kwa chai, wala kwa kulala kitanda kimoja. Kisha akataka nyumba nzima ipimwe, kwa kuwa huenda ndani yake yumo mtu anayekohoa aliyeuleta ugonjwa.

"Mgonjwa mmeshamwona. Kwangu mnatafuta nini?" alijibu Hotam. Alikuwa anakohoa tangu arudi, ila chake alikiita kikohozi cha saruji. Nyani haoni kundule.

Machi akaamua kurudi Urusi. Siku ya kuondoka, Savriniso alimwokea mkate wa safari. Huku kwetu msafiri huung'ata mlangoni mara moja, na unaobaki hutundikwa ukutani umngoje aje aumalize. Savriniso aliushika kwa mikono miwili.

"Ng'ata, baba Komron."

"Nitang'ata njiani."

"Wa njiani si mkate wa safari, huo ni kifungua kinywa."

"Mikono yako ndiyo iliyoukanda, Savri. Nimechoka kuogopa."

Aliyepiga yowe ni Sanavbar. Ni yeye aliyekuwa ameshauri mkaza mwanawe arudishwe kwao mpaka apone, lakini hili hakulitarajia. Asiyeng'ata mkate hana nia ya kurudi. Bibi huyo akaketi kizingitini.

"Haya, pita juu yangu," alimwambia mwanawe. "Baba yako aling'ata akaenda jeshini, akarudi. Wewe unaondoka nyumba hii bila alama ya jino?"

Gari likaondoka bila Hotam. Kesho yake, "ili mama anyamaze," alikwenda kupiga eksirei ya kifua. Sehemu ya juu ya pafu la kushoto ilikuwa imeliwa, na vipimo vya makohozi vikathibitisha TB.

Daktari Nigina haapi nani alimwambukiza nani. "Ila kati ya wale wawili, aliyeweza kumwambukiza mwenzake kwa pumzi alikuwa mmoja tu," anasema, "na si yule aliyefungiwa uzi kwenye bakuli."

Watoto wao wawili na bibi yao walipimwa, wakakutwa salama. Watoto walipewa dawa za kinga.

Sasa ni Agosti. Savriniso alimaliza dawa zake za miezi sita mwezi uliopita, na wateja wamerudi. Hotam amebakiza mwezi mmoja. Anapasua kuni uani, akijifanya hatusikii.

"Niliogopa shingo yake," anasema anapoulizwa. "Kifua changu sikukiogopa kwa sababu ni changu."

Mkewe anapanga kujenga tanuri la pili kabla ya theluji. Yeye aoke, mumewe auze, na habari za Urusi ziishe. Kuhusu chumba, anasema Hotam alikuja juzi na godoro mgongoni, mkononi ana karatasi ya kliniki inayosema haambukizi tena.

"Nilimpenda na bado nampenda, sitakudanganya," anasema Savriniso, akiinamia tanuri kubandua mkate. "Lakini nililia miezi miwili peke yangu mle ndani. Daktari amemruhusu. Mimi bado."