Jezi ya Kipa wa Spana

Juzi nilipita Nyamirambo, mtaa niliokulia, nikasimama mbele ya baraza ambako bibi yangu alikuwa akishonea. Siku hizi wanauza simu pale. Kijana wa duka alikuwa amevaa jezi ya timu anayoishabikia, nikamuuliza timu hiyo ilipataje jina. Akainua mabega. "Iko jina tu, mama," akasema, akarudi kwenye simu yake. Sikumlaumu, ila bibi asingemshonea hata kifungo.

Maana bibi, rafiki yangu, alikuwa na ukaidi wake. Timu za mtaa wetu, hata zile mbili tatu zilizopanda ligi kubwa na kulipa wachezaji, zilimletea jezi azitie majina na namba. Mimi, msichana wa miaka kumi, nilikata herufi kwa kufuatisha vipande vya katoni alivyovitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Lakini mkasi haukuguswa kabla bibi hajauliza: "Hiyo jina imetoka wapi?" Aliyeshindwa kujibu alirudi kwao na kitambaa chake kwapani. Wanaume wazima, viongozi wa timu, walikaa mkekani wakinywa chai ya tangawizi na kujieleza kama watoto mbele ya mwalimu.

Ndivyo nilivyojua kwamba Saa Mbili ilianzishwa na waoka mikate, waliomaliza kazi saa mbili asubuhi na hawakuwa na wakati mwingine wa kucheza. Vumbi ilibandikwa jina na wapinzani kwa dharau, ikalikubali, ikawafunga nalo. Na Spana, timu yetu, ilizaliwa kwenye gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Fundi mkuu aliunda magoli kwa mabomba ya moshi ya malori, akayakaza kwa spana yake mwenyewe, watu wakaanza kusema twendeni kwa Spana. Mwanawe ndiye alikuwa kipa. Alikuwa mrefu, mpole, mikono imejaa grisi, na kila jioni alinirushia chungwa kutoka upande wa pili ili nijifunze kudaka. Nilimpenda kama kaka.

Vita vilipoanza mpakani mwaka wa tisini, tulidhani viko mbali. Vikatufikia polepole. Baba yake kipa alikamatwa, akarudi baada ya miezi amekonda, hakumaliza mwaka. Vitambulisho vyao viliandikwa Mtutsi, na neno hilo likaanza kutajwa redioni kwa namna iliyomfanya bibi aizime.

Kisha Spana ikapata mwenyekiti mpya, tajiri wa chama tawala, aliyekuja na pikapu, kreti za bia na ahadi ya mishahara. Alitaka jina libadilishwe. Wote walikubali isipokuwa kipa, naye akaambiwa asije tena mazoezini. Siku moja nilipita uwanjani nikawaona wachezaji wakikimbia kwa mistari, wakiimba, na mpira haukuwepo. Nilimwambia bibi kwamba wameusahau nyumbani. Hakucheka.

Baadaye winga wa timu, kijana ambaye kila Idi alikula kwetu, alileta marobota ya vitenge vya rangi kali. Alitaka mashati. Bibi akauliza swali lake, winga akatazama chini.

"Mukecuru," akasema, yaani bikizee kwa lugha yetu, "haina jina."

"Na namba?"

"Hakuna namba."

Bibi akakunjua kitambaa, akaona ni kingi kuliko timu yoyote aliyowahi kuivisha. "Hii timu gani? Kipa anavaaga rangi yake. Shati ya kipa iko wapi?"

"Hatuna kipa," winga akajibu kwa sauti ndogo. "Wewe shona tu, Bibi. Wale watu hawapendi maswali."

Bibi alishona. Naona aibu kulisema, lakini alishona, nami nilimshikia kitambaa. Tuliogopa. Cherehani ililia wiki nzima bila mtu kukaa mkekani, na chai hatukuchemsha.

Ilipofika Aprili ya mwaka wa tisini na nne, siku ya Jumanne, kipa alivuka barabara na kitambaa cheupe. "Bibi, nifanyie jezi moja. Spana, namba moja. Ile jina ya baba."

"Utacheza na nani?"

"Hata peke yangu."

Bibi akacheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu yale mashati. Nilikata namba na herufi; bibi akashona namba mgongoni, akazipachika herufi kifuani kwa pini, akashona nne za kwanza, umeme ukakatika. "Njoo Alhamisi," akamwambia.

Jumatano ndege ya rais ilidunguliwa. Alhamisi asubuhi tulijifungia ndani, na mauaji yakaanza. Kwenye tundu la lango niliona bariyeri, kizuizi cha barabarani, mbele ya gereji, na waliosimama pale na mapanga walivaa mashati yetu. Niliyatambua kwa kola, maana bibi alizipiga mshono mara mbili. Winga alikuwa kati yao. Walimtoa kipa gerejini wakimwita kwa jina, kwa kuwa walicheza naye miaka sita. Alinyoosha mikono mbele. Bibi akanivuta kutoka langoni, akaniziba macho, lakini masikio hakuwahi kuyaziba.

Hakushona tena nguo ya timu yoyote hadi alipofariki. Gereji haipo, magoli ya mabomba yaliuzwa chuma chakavu, na huko mtaani ukitaja Spana watu wanadhani unatafuta fundi. Mimi nilirithi kopo la herufi na ile jezi. Herufi nne zimeshonwa vizuri, ya tano bado imeshikwa na pini, na pini imeshika kutu.

Binti yangu aliikuta kabatini mwaka jana, akaniuliza kwa nini nisiimalizie, herufi moja tu. Nikamwambia siwezi, mwenyewe hajaja kuichukua.